Mwalimu Nyerere na swali la nyumba ya umma

KAGONGWA ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Isaka kwenda Kahama, mkoani Shinyanga. Malori ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana, na mashine za kukoboa mpunga ndizo zilizoutangaza mji huo kwa wafanyabiashara wa mchele wa mikoa mingine. Nyumba za Kagongwa zimejengwa na wenyewe, chumba baada ya chumba. Msimu mmoja huwekwa msingi, msimu wa pili hupandishwa kuta za matofali ya kuchoma, na bati hununuliwa mpunga ukiuzwa vizuri. Mvua ikikosekana, ukuta husubiri.

Mjenzi wa namna hiyo hana mkataba na Shirika la Nyumba la Taifa, wala hajawahi kuandikiwa barua ya kuuziwa nyumba ya serikali kwa bei ya punguzo. Hata hivyo, kodi anayolipa kwenye sementi, mafuta na sukari imechangia kujenga nyumba ambazo baadaye waliokuwa wakiishi humo waliruhusiwa kuzinunua. Kwa sababu hiyo, swali la nani auziwe nyumba ya umma, na kwa bei gani, linamhusu naye pia.

Mtu aliyelibeba swali hilo kwa muda mrefu kuliko kiongozi mwingine yeyote wa Tanzania ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Mengi yameandikwa juu ya Uhuru, Muungano, Azimio la Arusha na vita vya Kagera. Machache yamesemwa juu ya nyumba, ingawa maisha yake tangu Butiama hadi Butiama yalipita katika karibu kila aina ya nyumba ambayo Mtanzania anaijua: nyumba ya ukoo, nyumba ya kazi, nyumba ya kuhifadhiwa na rafiki, nyumba ya kujenga mwenyewe, nyumba ya dola na nyumba ya kupewa.

Alizaliwa Aprili 13, 1922 katika kijiji cha Butiama, karibu na Musoma, akiwa mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki na Mgaya Wanyang'ombe, mmoja wa wake wengi wa chifu huyo. Katika boma la baba yake kila mke alikuwa na nyumba yake. Nyumba haikuwa na bei wala kodi, na ardhi iliyoizunguka ilikuwa ya ukoo kwa kuwa ukoo uliitumia. Kumbukumbu hiyo ya utotoni ndiyo aliyoirudia mara nyingi alipokuwa mtu mzima, alipoeleza kwa nini hakukubali ardhi igeuzwe bidhaa ya kununuliwa na kurundikwa na wachache.

Mwaka 1934 alianza masomo Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaenda Shule ya Serikali Tabora. Alisoma Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hadi 1945, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St Mary's. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, na kurejea mwaka 1952. Januari 1953 alifunga ndoa na Maria Gabriel, na mwaka huo huo akaanza kufundisha St Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam.

Pugu aliishi katika nyumba ya mwalimu. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya ajira: kazi ikiendelea, paa lipo, kazi ikikoma, familia hufunga mizigo. Watu wa ukanda wa madini wa Shinyanga na Geita wanaufahamu vizuri utaratibu huo. Mwadui, ambako mwanajiolojia kutoka Kanada, Dk John Williamson, aligundua almasi mwaka 1940, palijengwa mji kamili wenye hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi, lakini nyumba zilikuwa mali ya kampuni. Mfanyakazi angeweza kukaa humo miaka mingi na kulea watoto wote, kisha akaondoka siku ya mwisho ya kazi bila kuwa na hata tofali moja la kwake.

Julai 7, 1954 TANU ilizaliwa, na Nyerere akawa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, alitakiwa na mwajiri wake kuchagua kati ya ualimu na siasa. Alichagua siasa, na pamoja na mshahara akapoteza nyumba. Alirudi Butiama kwa muda, kisha akaja tena Dar es Salaam, ambako alipokewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, mtaani Kariakoo. Kwa kipindi hicho kiongozi wa chama kilichodai nchi hakuwa na pahali pake pa kulala mjini.

Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepanga Dar es Salaam katika maeneo matatu: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini kwa Waafrika. Baada ya Vita Kuu ya Pili wafanyakazi wa Kiafrika waliongezeka haraka, na serikali hiyo ikaanza kujenga nyumba za kupangisha katika maeneo ya Ilala, Temeke na Magomeni. Wenyeji waliziita kota. Zilikuwa vyumba vidogo vya wafanyakazi wa kipato cha chini, nao walikuwa wapangaji wa serikali bila matumaini ya kuwa wenye nyumba.

Nyerere alihamia Magomeni na familia yake. Nyumba yao, ambayo sasa imehifadhiwa kama makumbusho, ilikuwa ya kawaida katika mtaa wa kawaida, na Mama Maria aliendesha duka dogo la mafuta ya taa ili kusaidia riziki wakati mumewe akizunguka nchi kwa kazi ya chama. Majirani walikuwa makarani, mafundi, wachuuzi na wafanyakazi wa bandarini. Aliwaona wakilipa kodi ya chumba kila mwezi, na aliwaona pia wenye nyumba wa Kiafrika waliojenga vyumba sita ili waishi katika kimoja na kupangisha vitano.

Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza kuwapa Waafrika umiliki wa ardhi wa milele unaoweza kuuzwa, Nyerere alipinga kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikiwekwa sokoni, wenye fedha wataimaliza na watoto wa wakulima watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, umiliki wa milele uliokuwepo ulifutwa kwa sheria na kugeuzwa kuwa wa muda wa miaka 99 chini ya serikali. Tangu hapo Mtanzania humiliki nyumba, lakini ardhi iliyo chini yake ni ya umma.

Nchi ilipata Uhuru Desemba 9, 1961. Januari 1962 Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu na kumwachia Rashidi Kawawa ili akaimarishe chama, na Desemba mwaka huo akawa Rais wa Jamhuri. Katika mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria iliyounda Shirika la Nyumba la Taifa, NHC. Miongoni mwa kazi zake za kwanza ilikuwa kubomoa vibanda vya miti na udongo vilivyoezekwa madebe katika maeneo kama Magomeni, na kujenga mahali pake nyumba za matofali ya saruji, kwa msaada wa fedha kutoka nje, hasa Ujerumani Magharibi.

Hapo ndipo neno mpangaji mnunuzi lilipoingia katika maisha ya Watanzania wa mjini. Aliyekabidhiwa nyumba hakutakiwa kuwa na fedha zote mkononi. Alilipa kidogo kila mwezi, kama alipavyo mpangaji, na baada ya miaka ya kulipa, nyumba ingekuwa yake. Kwa kuwa serikali ilibeba sehemu ya gharama na riba ilikuwa nafuu, bei ilikuwa chini ya ile ambayo soko lingedai. Lengo lilikuwa mtu wa kibanda, si mtu mwenye akiba benki.

Mpango huo ulikuwa na heshima ndani yake, lakini ulikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba nyumba nyingi mpya zilichukua tu nafasi ya zilizobomolewa, hivyo idadi ya familia zilizopata makazi haikuongezeka kwa kasi ya mji. Ya pili ni kwamba wengi walishindwa kulipa kwa wakati, na baadhi ya waliopata nyumba waliona ni faida kuzipangisha au kuwaachia wenye kipato kikubwa zaidi. Madeni yakarundikana. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 ubomoaji wa vibanda ulikuwa umesimamishwa. Katika miaka ya 1970 serikali ikageukia njia nyingine, kwa mkopo wa Benki ya Dunia: kupima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wajijengee, na kupeleka barabara na maji Manzese badala ya kuivunja.

Kabla ya hapo, Februari 5, 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha. Masharti ya uongozi yaliyokuwa ndani yake yalimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili na kuwa na nyumba ya kupangisha. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowaumiza wengi. Katika miaka sita ya Uhuru, waziri, katibu mkuu au mkuu wa wilaya aliyepata mkopo alikuwa na njia moja ya uhakika ya kuongeza kipato, nayo ni kujenga nyumba na kuipangisha kwa balozi au kampuni. Nyerere aliona kwamba kiongozi mwenye wapangaji hataweza kutunga sheria ya kumlinda mpangaji.

Yeye mwenyewe wakati huo hakuishi Ikulu. Alihamia Msasani, kando ya bahari, na kwenda Ikulu kufanya kazi. Mama Maria, aliyekuwa na shamba la kuku, aliliacha baada ya Azimio. Mfano huo ulisaidia watu kuamini kwamba masharti hayakuandikwa kwa ajili ya wengine tu.

Hatua kubwa zaidi ilikuja Aprili 1971. Kwa Sheria ya Kutwaa Majengo ya mwaka huo, Rais alipewa uwezo wa kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani isiyopungua shilingi 100,000. Majengo yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi hayakulipiwa fidia, kwa maelezo kwamba mwenyewe alikwisha kurudisha fedha zake kwa kodi. Karibu majengo 3,000 yalichukuliwa katika miji mbalimbali na kukabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Wengi wa waliopoteza walikuwa Watanzania wenye asili ya Kiasia, na maelfu miongoni mwao waliondoka nchini katika miaka iliyofuata. Baadhi walikata rufaa na kurudishiwa, hasa pale ilipoonekana kwamba nyumba ilikuwa makazi ya familia au tegemeo pekee la mzee au mjane.

Kwa mpangaji wa Upanga au wa katikati ya mji wa Mwanza, mabadiliko yalikuwa makubwa. Mwenye nyumba alikuwa sasa serikali, kodi ikadhibitiwa, na kumfukuza mpangaji kukawa kugumu. Kwa jengo lenyewe, mambo yakawa mengine. Kodi ndogo haikutosha kupaka rangi wala kubadilisha mabomba. Maji yalivuja kwenye ngazi, lifti zilisimama, na mpangaji aliyelipa kidogo alijikuta akitengeneza kwa fedha zake kitu kisicho chake. Wapo waliorithisha vyumba kwa watoto, na wapo waliovipangisha kwa siri kwa bei ya soko huku wakiilipa serikali kodi ya zamani. Fundisho lilikuwa gumu: serikali inaweza kuwa mwenye nyumba asiye na tamaa, na bado ikawa mwenye nyumba mbaya.

Wakati wa mjini wakilindwa wasitolewe katika nyumba zisizo zao, wa vijijini walitolewa katika nyumba zao wenyewe. Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji vya maendeleo kungekuwa amri, na kazi hiyo ikamilike ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 operesheni ilifanyika Shinyanga. Wasukuma walizoea kuishi katika miji ya familia iliyotawanyika, kila mmoja katikati ya mashamba na malisho yake. Walitakiwa kuhamia kwenye mistari ya viwanja iliyopimwa, mara nyingi kando ya barabara. Ilikusudiwa kwamba hapo wangepata shule, zahanati na maji, na kweli shule na zahanati zilijengwa kwa wingi. Lakini pale viongozi wa wilaya walipokuwa na haraka ya kutimiza lengo, nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto ili wenyewe wasirudi, na hapakuwa na fidia. Nchini kote mamilioni ya watu walihamishwa.

Jambo hili haliwezi kuachwa katika kusimulia maisha ya Nyerere na nyumba. Mtu aliyeondoka Pugu bila paa, na aliyetunga masharti ili mpangaji asinyanyaswe, ndiye aliyekuwa Rais wakati mkulima wa Shinyanga alipoona nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ikibomolewa na watumishi wa serikali. Si yeye aliyeshika kiberiti, na alipopata habari za ukatili alizikemea. Lakini amri ilikuwa yake. Miji mingi midogo ya kando ya barabara katika Usukuma imekulia katika ramani ya miaka hiyo.

Mwaka 1977, Azimio lilipotimiza miaka kumi, Nyerere aliandika tathmini ambayo haikuficha makosa. Katika mambo aliyoyalaumu ni mazoea ya kusubiri sementi na bati kana kwamba bila hivyo nyumba haiwezi kuwa bora, wakati udongo wa kufyatua na kuchoma matofali, pamoja na wa vigae, ulikuwepo karibu kila kijiji. Wengi walimcheka. Nusu ya ushauri huo umeshinda: ukipita Kagongwa, Kahama au Geita utaona matanuru ya matofali pembeni mwa makazi. Nusu nyingine imeshindwa, kwani juu ya kuta hizo huwekwa bati.

Kwa upande wa fedha, serikali yake iliunda Benki ya Nyumba Tanzania kwa sheria ya mwaka 1972, ili mwananchi akope kwa riba nafuu na kujenga. Benki hiyo ilisaidia wengi, lakini sehemu kubwa ya mikopo iliwafikia waajiriwa wenye mishahara na barua za waajiri. Marejesho yalizorota, na mwaka 1995 ilifungwa.

Nyerere alistaafu urais Novemba 1985 na kumkabidhi Ali Hassan Mwinyi. Alibaki Mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990. Mwaka huo Ofisi ya Msajili wa Majumba iliunganishwa na NHC, na shirika hilo likawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini. Februari 1991 Halmashauri Kuu ya CCM, iliyokutana Zanzibar, iliondoa masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Kiongozi akaruhusiwa tena kuwa na nyumba ya kupangisha. Nyerere, akiwa raia wa kawaida Butiama, aliusema uamuzi huo hadharani kwa masikitiko.

Alifariki dunia London Oktoba 14, 1999 na kuzikwa Butiama. Jeshi lilikuwa limemjengea nyumba kijijini hapo kama shukrani ya taifa, na alikaa humo muda mfupi tu kabla ya ugonjwa kumchukua.

Miaka mitatu baada ya kifo chake, swali la nyumba ya umma lilifufuka kwa namna ambayo yeye hakuianzisha. Mwaka 2002 Serikali ya Awamu ya Tatu ya Rais Benjamin Mkapa iliamua kuwauzia watumishi wa umma nyumba za serikali walizokuwa wakiishi. Kazi ilisimamiwa na Wizara ya Ujenzi, chini ya Waziri John Magufuli, kupitia Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ulioanzishwa mwaka huo. Zaidi ya nyumba 7,000 ziliuzwa nchini kote, kwa malipo ya awamu.

Watetezi wa uamuzi huo walikuwa na hoja. Nyumba nyingi zilikuwa zimechakaa, serikali haikuwa na fedha za kuzitengeneza, na mtumishi aliyeitumikia nchi kwa miaka thelathini hakustahili kustaafu akiwa hana pa kwenda, kama mwalimu yule wa Pugu mwaka 1955. Wapinzani nao walikuwa na yao. Baadhi ya nyumba zilikuwa juu ya viwanja vya Oysterbay na Masaki, ambavyo thamani yake ilizidi mbali bei iliyolipwa. Wapo wanunuzi waliozibomoa na kujenga maghorofa. Maofisa na majaji wapya walipoteuliwa, serikali ililazimika kuwatafutia nyumba za kupanga au hoteli. Bungeni suala hilo lilijadiliwa kwa miaka kadhaa, na ahadi za kurejesha nyumba zilizouzwa kinyume cha taratibu zilitolewa.

Uingereza ilikwisha kupita njia hiyo. Kwa sheria ya mwaka 1980, chini ya Margaret Thatcher, wapangaji wa nyumba za halmashauri walipewa haki ya kuzinunua kwa punguzo lililoanzia asilimia 33 na kufikia 50 kwa waliokaa muda mrefu. Karibu nyumba milioni mbili ziliuzwa, na familia nyingi za wafanyakazi zikapata mali kwa mara ya kwanza. Lakini zilizouzwa hazikujengwa nyingine za kutosha, na orodha za wanaosubiri zikarefuka. Uskoti iliifuta haki hiyo mwaka 2016, na Wales mwaka 2019.

Tofauti ya Tanzania ni kwamba punguzo la mwaka 2002 lilimwendea mwenye cheo kabla ya kumfikia mwenye shida. Mpangaji mnunuzi wa mwaka 1962 alikuwa mtu wa kibanda. Mnunuzi wa mwaka 2002 alikuwa mtumishi mwenye mshahara, na katika maeneo ya thamani alikuwa mkubwa wa serikali. Njia ya kulipa kwa awamu ilifanana, na bei nafuu ilifanana, lakini mlango ulifunguliwa upande mwingine.

Haikuishia hapo. Wakazi wa Magomeni Kota, zile nyumba za wafanyakazi zilizokuwa jirani na mtaa wa Nyerere, walihamishwa na kota zao kubomolewa kwa ahadi ya nyumba mpya. Walisubiri miaka. Septemba 2016 Magufuli, sasa akiwa Rais, aliagiza wajengewe na warudishwe. Machi 2022, mwaka mmoja baada ya kifo chake, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua maghorofa hayo kwa ajili ya kaya 644. Wakazi waliruhusiwa kukaa miaka mitano bila kulipa kodi, kisha kuuziwa kama wapangaji wanunuzi, kwa bei isiyohesabu thamani ya ardhi. Neno la mwaka 1962 lilikuwa limerudi, tena Magomeni, kwa watu wa kipato kilekile.

Punguzo la namna hiyo lina gharama, na gharama hulipwa na asiyekuwepo. Katika ukanda wa dhahabu, NHC ilijenga nyumba za kuuza zilizoitwa za gharama nafuu, zikiwemo za Bombambili mjini Geita. Hata hizo, bei yake, ikiwa na Kodi ya Ongezeko la Thamani ambayo shirika lenyewe liliilalamikia, ilimshinda mchimbaji mdogo na mkulima wa mpunga. Mwenye kipato cha msimu hana hati ya mshahara ya kupeleka benki, wala hajawa mpangaji wa serikali ili siku moja auziwe. Anachodai kwa kawaida ni kiwanja kilichopimwa, barabara inayopitika, maji, na hati itakayomwezesha kukopa bati la nyumba anayoijenga mwenyewe.

Rekodi ya Nyerere katika jambo hili ina mafanikio na makosa. Alianzisha njia ya kumfanya mpangaji maskini awe mwenye nyumba, akashindwa kuiendesha kwa wingi. Aliwazuia viongozi kugeuza nyumba kuwa biashara, na kizuizi hicho kiliondolewa yeye akiwa hai. Aliifanya serikali kuwa mwenye nyumba wa maelfu, na majengo yakachakaa mikononi mwake. Aliruhusu operesheni iliyovunja nyumba za watu wasiokuwa na deni kwa mtu. Lakini katika miaka yote ya uongozi wake, mali ya umma haikutumika kumpa kiongozi nyumba ya bei ya chini katika kiwanja cha bei ya juu.

Nyumba ya Magomeni ipo, na wageni huingia kuona vyumba ambamo familia hiyo iliishi kabla ya Uhuru. Mwendo mfupi kutoka hapo yanaonekana maghorofa ya Kota, ambako kaya 644 zinahesabu miaka kuelekea siku ya kununua. Bei watakayolipa, na uwezo wa serikali kuzuia nyumba hizo zisihamie mikononi mwa wenye nazo kama zilivyohama baadhi ya zile za miaka ya 1960, ndivyo vitakavyoonyesha kama nchi imejifunza lolote. Kagongwa, wakati huo, wenye nyumba watakuwa wakisubiri bei ya mpunga ili waezeke.